Siku Awa Alipohamisha Mji

Pale Palma, ukimuuliza mtu yeyote sokoni kwa Awa wa fotokopi ni wapi, hatakujibu kwa maneno. Atanyoosha kidevu kuelekea kibanda cha mabati ya kijani, kisha ataendelea kupanga nyanya zake, maana anajua ukifika karibu utaisikia sauti ya mwenyewe.

Awa Sumail ana miaka arobaini na saba, ni mcheshi, mbishi, na mtu wa kutoa ushauri hata asipoombwa. Kibandani mwake mna meza, printa, mashine ya fotokopi yenye kikohozi, na kompyuta. Kompyuta alijifunza peke yake. Hakukaa darasani hata siku moja. Aliinunua, akaiwasha, akaigombeza mpaka ikamtii. Hapo ndipo watu wa Palma wanapotolewa kopi, wanapoandikiwa barua za maombi kwa wakubwa, na wanapochapiwa kadi za harusi zenye maua mengi kuliko maneno.

Awa ana tabia moja iliyoanza kama uvivu. Karatasi yoyote inayopita kwenye kioo cha mashine yake, picha yake anaibakiza kwenye kompyuta, ili mteja akirudi kesho kutaka kopi nyingine asisumbuke kuiweka tena. Miaka ikapita, picha zikalundikana. Halafu vita vikaingia mjini, watu wakakimbia na nguo walizovaa, nyumba zikaungua na vyeti ndani yake. Awa alikimbia na kompyuta mgongoni, ameifunga kwa kapulana kama anabeba mtoto, na njia nzima watu walimwuliza mtoto ana miezi mingapi. Waliporudi mjini ndipo ilipojulikana kwamba nusu ya Palma haina karatasi hata moja ya kuthibitisha kuwa ilizaliwa, ila kwa Awa.

Sasa utauliza, karatasi za mji mzima alizipangaje? Hapo ndipo kwenye utamu. Skrini yake ilikuwa mji wenyewe. Kulia bahari, kwa hiyo familia za pwani zilibanana ukingo wa kulia. Watu wa Quionga walikaa juu, watu wa Mute chini kabisa, karibu na ule mstari wa saa. Nhica do Rovuma ilikuwa pembeni juu, kushoto. Wa Pundanhar aliwaweka kushoto mbali, peke yao, na katikati akaacha nafasi tupu kwa sababu, alisema, barabara yenyewe ni mbaya. Kila familia ilikuwa na folda yake, na folda ilikaa pale nyumba inapokaa. Majina hakuzipa. Zote ziliitwa vile vile kompyuta ilivyozibatiza, "Nova pasta", yaani folda mpya, na namba nyuma yake: mbili, tatu, mpaka mia moja arobaini na tatu. Nani anamwandikia jirani jina mlangoni? Nyumba ya mtu unaijua kwa kuijua tu.

Mpangilio huo hakumweleza mtu yeyote. Hakuuficha. Kwake ulikuwa jambo la wazi kiasi kwamba hakufikiria kama unahitaji maelezo.

Jumatatu ya wiki ile, brigada ya vitambulisho iliingia Palma na kamera yao na mashine ya alama za vidole. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba watakaa mpaka Alhamisi saa nane mchana, kisha wanakwenda Nangade. Wa kwanza kufika kwa Awa alikuwa bibi Alima, mjane wa nyuma ya msikiti, mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini.

"Awa mwanangu," alisema, "nataka ile sédula yangu ya kuzaliwa. Wale watu wamesema hata kopi inatosha, ilimradi namba isomeke. Nipate bií, kitambulisho chenyewe, nende Montepuez."

Awa hakuhitaji kuuliza Montepuez kuna nini. Bibi Alima alikuwa na binti mmoja, Rachida. Walikimbia pamoja, Rachida akiwa mjamzito, na huko ukimbizini akajifungua mtoto wa kike, hakumaliza arobaini yake, akafariki. Mtoto alibaki Montepuez na watu wa upande wa baba. Bibi alirudi Palma peke yake, na tangu hapo hajamwona mjukuu wake, maana njia nzima ina vizuizi, na kila kizuizi kinataka kitambulisho. Mara mbili alipanda gari, mara mbili akashushwa. Mtoto alikuwa karibu kutimiza miaka mitano.

"Karatasi yako ipo," Awa alisema kwa kujiamini. "Nyumba yako naijua."

Akawasha kompyuta. Ikawaka. Ikafikiri. Ikaendelea kufikiri. Kwa muda wa miezi kadhaa ilikuwa inamwonya kwamba Windows yake imezeeka na haitahudumiwa tena, na kwamba Windows mpya haitakubali kukaa kwenye mashine kuukuu kama ile. Awa aliyafunga maonyo hayo kama mtu anayefunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Lakini juu ya uzee kulikuwa na maradhi. Kila mteja aliyekuja na pen yake, ile flashi ya kubebea faili, alikuja na virusi vyake, na Awa hakumkataa mtu. Siku hiyo mji wote kwenye skrini ulikuwa umegeuka kuwa vijishale vidogo. Ukibonyeza folda, haifunguki. Ukibonyeza tena, kompyuta inazima.

Ila mdomo wa Awa haujawahi kushindwa. "Njoo Alhamisi asubuhi, bibi. Leo imeamka vibaya."

Bibi Alima alipoondoka, Aiuba, fundi cherehani aliyepanga barazani pake, aliinua kichwa kutoka kwenye kanzu aliyokuwa akiidarizi. Aiuba anawajua watu wote wa Palma pamoja na mambo yao ambayo hawataki yajulikane. "Alhamisi ndiyo siku yao ya mwisho," alisema.

"Najua kuhesabu siku, Aiuba."

"Mimi nasema tu."

Jumanne alikuja Cleide kuchapa mitihani. Cleide ni mwalimu wa informática, yaani kompyuta, pale sekondari, mtoto wa Mueda, Mmakonde wa kanisani, bado hajafika thelathini, anayezungumza Kiswahili cha kujifunzia sokoni na kukipigia msasa kwa Kireno. Alikuta Awa ameegemea meza, kimya. Awa kuwa kimya ni habari ya kutangazwa redioni.

"Tia Awa," yaani shangazi kwa Kireno chake, "unaumwa?"

Awa akamweleza. Cleide akabonyeza hapa na pale, akaguna, kisha akatoa pen kwenye mkoba wake. "Olha, tia. Hii Windows imekwisha, tusidanganyane. Lakini faili si Windows. Humu nina Linux. Inaweza kuwaka kutoka kwenye pen, bila kuiamsha ile mgonjwa. Tunachukua vitu vyako vyote, tunaviweka kwenye diski yangu, halafu tunaifuta Windows, tunaiweka hii. Ni bure. Na virusi vya wateja wako vikiingia humu, havitajua pa kukaa."

"Bure?" Awa alikunja uso. "Kitu cha bure huwa kina mwenyewe."

"Mwenyewe ni wewe."

Awa aliomba dua kimoyomoyo, akajisogeza pembeni. Na kweli, ile kompyuta iliyokataa kuamka kwa matusi iliamka kwa pen. Cleide akachungulia ndani ya diski. Vijishale vile vilikuwa ni uongo mtupu. Folda zenyewe zilikuwa zimefichwa nyuma yake, nzima. Akazihesabu kwa sauti. Mia moja arobaini na tatu. Akazinakili zote kwenye diski yake, akazihesabu tena. Mia moja arobaini na tatu. Awa alimkumbatia mpaka miwani ya mwalimu ikapinda.

Jumatano ndiyo ilikuwa siku ya kuhama. Cleide aliuliza maswali machache, akabonyeza, na Windows ya miaka tisa ikafutika kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Awa aliangalia pembeni. Ilipowaka mpya, ilikuwa safi kama nyumba ambayo wapangaji wametoka, na maneno yake yote kwa Kireno. Awa alikaa, akapasha vidole.

Mambo ya mwanzo yalimtoa jasho. Alitafuta ile diski ya "C" mahali pote, kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha mashine ikamwomba neno la siri ili ijisasishe. Cleide alimfungulia dirisha jeusi, akamwambia aandike. Awa akaandika. Hakuna kilichotokea. Akaandika tena kwa nguvu. Hakuna hata nukta. Akaugeuza ubao wa kubonyezea, akaukung'uta, akaupuliza.

"Umeniulia vidole vya mashine!"

"Tia, inaandika. Haionyeshi tu. Bonyeza Enter."

"Nitajuaje nimekosea?"

"Itakwambia."

"Yaani inakaa kimya unapofanya kazi, inasema ukikosea tu," Awa alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa hivi hivi." Aiuba kule barazani alicheka mpaka sindano ikamchoma.

Lakini printa ndiyo iliyomnunua. Kwenye Windows ilihitaji kidude cha kuisakinisha, na dua, na kuzimwa mara tatu. Hapa Cleide alichomeka waya, ikatoa karatasi. Basi. Awa aliiangalia ile karatasi pande zote mbili. Ndani ya saa moja alikuwa amechapa kadi ya harusi, amecheza karata, na ameanza kumshauri Cleide namna nzuri ya kutumia Linux. Jioni ilipokaribia, Cleide alianza kuzirudisha folda kutoka kwenye diski, akaona mstari unakwenda polepole, akasema waiache inakili yenyewe. Wakafunga kibanda, kila mtu akaenda kwake.

Alhamisi saa mbili na nusu asubuhi bibi Alima alikuwa amekwisha kaa kwenye benchi, amevaa kapulana mpya na lemba, uso ameupaka msiro, ule unga wa mti wa kulainisha ngozi, kisha akaunawa, tayari kwa kamera. Awa akamsalimia kwa bashasha. Akawasha. Ikaamka mara moja. Akaandika neno la siri bila kuliona, akabonyeza, akageuza macho kwenye skrini kutafuta nyumba ya nyuma ya msikiti.

Hapakuwa na msikiti. Hapakuwa na bahari wala Quionga wala Mute. Folda zote mia moja arobaini na tatu zilikuwepo, zimepangwa kwa mistari iliyonyooka, bega kwa bega, kuanzia juu kushoto mpaka chini kulia, kwa namba. Watu wa Pundanhar walikuwa wamekaa kati ya watu wa pwani. Zote zinaitwa Nova pasta.

"Ewe Mola," Awa alisema. "Wameuvunja mji."

Cleide alikuja mbio baada ya kupigiwa simu, akaziangalia. "Tia, está tudo aí. Vyote vipo."

"Vipo! Viko wapi?"

"Tafuta kwa jina."

"Jina gani? Yote ni Nova pasta!"

Cleide akafungua folda moja. Ndani mlikuwa na picha kumi na mbili, zote zinaitwa Digitalizar na namba. Akaifunga. Ikabidi Awa aeleze, kwa mara ya kwanza maishani mwake, habari ya bahari kulia na barabara mbaya ya Pundanhar. Alipokuwa anaeleza, alijisikia anazidi kuwa mjinga kwa kila neno. Cleide alimsikiliza mdomo wazi. Alitaka kucheka, akamwona bibi Alima kwenye benchi, akaacha.

"Mahali pa folda kwenye skrini, Windows ilipaandika kwenye daftari lake yenyewe," alisema polepole. "Na daftari tumelifuta. Sikujua, tia. Pole."

Awa aliona aibu mbaya sana. Hakuwahi kumwangusha mtu kwa kutojua. Watu walimjia kwa sababu anajua. Sasa saa tatu imegonga, brigada inafunga saa nane, na mama mtu mzima amekaa hapo ameshika mikono mapajani, anamwamini. Alimgeukia akamwambia ukweli wote: karatasi imo humu, ila sijui chumba gani.

Bibi Alima akauliza, "Vyumba vingapi?"

"Mia moja arobaini na tatu."

"Basi tubishe hodi."

Wakaanza. Awa anafungua, Cleide anasoma majina, na Aiuba, ambaye aliacha kanzu ya mtu nusu mkono, amesimama nyuma yao anahukumu. "Huyo ni Abdulcarimo wa Quionga, yule wa mbuzi." Cleide akaandika jina la folda: Abdulcarimo, Quionga. "Huyo yuko Nampula sasa, hana mpango wa kurudi. Huyo Mungu amrehemu. Huyo ananidai suruali." Watu waliokuwa kwenye foleni ya brigada wakasikia, wakajaa mlangoni, kila mmoja akataka kumtambua mtu. Baadhi yao waliona vyeti vyao wenyewe vikipita, wakapiga kelele, wakaambiwa wasubiri. Wengine waliona sura ya jirani ambaye hawakumsikia tangu siku ile ya kukimbia, wakanyamaza, na folda iliyofuata ikafunguliwa kwa upole zaidi.

Folda ya thelathini na moja, Awa alishangilia. "Hii hapa! Bibi, nyumba yako!" Ndani mlikuwa na karatasi moja tu: kadi ya kliniki ya zamani, iliyofifia.

Kwenye kompyuta ya zamani safari ingeishia hapo. Angekwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya nyuma ya msikiti, angekuta kadi ya kliniki, angesema bibi samahani karatasi yako haimo, na angeapa. Lakini sasa folda mia na kumi na mbili zilikuwa bado hazijabishwa hodi, na majina yalikuwa bado yanaandikwa. Cleide akamwambia, "Tia, bora." Yaani twende. Wakaendelea.

Saa sita ikapita. Mtu akaleta mihogo. Saa saba ikapita. Aiuba sauti ilikuwa imemkauka. Saa saba na dakika ishirini na tano Awa akafungua folda ya mia moja na kumi na nane, na Aiuba akasema, "Hao wa Mute, ukoo wa Sadique dereva." Sadique dereva ndiye aliyekuwa mume wa Rachida. Cheti cha Sadique. Cheti cha mama yake Sadique. Kisha kitambulisho cha mwanamke kijana, anaangalia mbele, midomo imebanwa kama mtu aliyekatazwa kucheka.

Bibi Alima alisimama kutoka kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia.

Picha iliyofuata ilikuwa sédula: Alima, binti wa fulani na fulani, namba inasomeka yote. Rachida alileta karatasi za pande zote mbili siku moja, zamani, alipokuwa anahangaikia ndoa yake iandikishwe, na Awa akazitia zote kwa wakwe. Kibanda kizima kilipiga vigelegele. Printa ikatoa kopi kabla vigelegele havijaisha. Cleide akaishika mkononi. "Bibi, haraka, twende. Dakika thelathini."

Bibi Alima hakusogea. Alikuwa anaitazama skrini. "Rudisha ile ya mwanzo," alisema.

Awa akairudisha. Bibi akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. "Ana kovu hapa kwenye nyusi," alisema. "Alianguka kwenye ngazi. Nilikuwa nimelisahau." Picha zote za nyumba ziliungua, hakuwa na hata moja. "Nitolee hii. Uso tu. Kubwa."

"Bibi, nenda kwanza kwa brigada. Picha haikimbii."

"Imeshanikimbia mara moja," bibi Alima alisema. "Ntoto ataniuliza mama yake alikuwaje. Mimi nataka niwe nayo nkononi."

Awa hakubishana, na watu wanaomjua wanasema ndiyo mara pekee. Aliukata uso peke yake, akaukuza mpaka ukajaa, akachukua karatasi ngumu ya kadi za harusi, ile nzuri, akaitia kwenye printa. Ilitoka polepole: nywele, kovu, macho, ile midomo iliyobanwa. Awa alilia waziwazi, huku akimgombeza Aiuba aondoke kwenye mwanga.

Walifika kwa brigada ikiwa imebaki dakika nane. Mpiga picha alikuwa ameanza kukunja waya. Alipoiona ile kopi na umati ulioisindikiza, alizikunjua tena.

Mwezi wa Desemba simu ya Awa iliita akiwa na wateja watatu. Ilikuwa bibi Alima, kutoka Montepuez, anapiga kelele kama wanavyopiga kelele watu wasioamini kwamba simu inafika mbali. Vizuizi vyote alipita. Alitoa bií, wakaiangalia, wakamwambia pita mama.

"Na ntoto?" Awa aliuliza. "Ulimpa picha? Kasemaje?"

"Hakusema kitu," bibi Alima alisema. "Kaishika, kaiangalia weee. Halafu kaenda nayo mbele ya kioo."